Deni la Bamba la Pili

Mwaka 1996 nilipigwa na umeme wa televisheni ambayo haikuwa imechomekwa popote. Ilikuwa TV ya chogo, inchi 21, imewekwa juu ya meza ya mwalimu wangu pale Keko, waya wake umekunjwa na kufungwa kwa mpira. Nilikuwa na miaka 19. Televisheni zilikuwa bado ngeni kwetu. Zanzibar walizijua tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, kwa hiyo kila fundi redio wa Temeke wakati ule alikuwa amerudi kuwa mwanafunzi, mwalimu wangu akiwemo.

Alikuwa amenionya. Kabla hujagusa kile kifuniko cha raba mgongoni mwa kioo, alisema, uondoe kwanza umeme uliobaki. Nami nikajiona najua. Si nilikuwa nimeona kila nyumba yenye mita ya TANESCO ina waya unaoshuka hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini? Umeme ukitaka kuutuliza, unaupeleka ardhini. Nikachukua waya, ncha moja nikaifunga kwenye nondo iliyosimikwa uani, ncha ya pili nikaifunga kwenye bisibisi, nikaipenyeza bisibisi chini ya raba. Pakasikika mlio mdogo sana, kama kijiti kinapovunjika. Nikaridhika. Nikautoa waya. Mkono wa kushoto nikaushika utepe wa waya za kusuka unaolikumbatia chogo kwa nje, mkono wa kulia nikauingiza chini ya raba.

Nilijikuta nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, kiwiko kinachuruzika damu, na vidole havina habari na mimi. Mwalimu hakunicheka wala hakunigombeza. Alininywesha maji, akaketi karibu yangu, akasema neno ambalo nimetembea nalo tangu siku ile: “Mwanangu, umeme huu hauidai ardhi. Unalidai bamba la pili.”

Mzee yule amekwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Ninaandika kwa sababu naamini alinijibu siku ile swali ambalo sikuwa nimeliuliza bado, na ambalo baadaye nilikuja kulibeba miaka tisa kama mzigo wa kuni. Swali lenyewe ni hili: mtu akimdhulumu mwenzake, kisha akatubu kwa Mungu kwa dhati, akalia, akafunga, akatoa sadaka, lakini hakurudi kwa yule aliyemdhulumu, je, ametubu?

Niseme kwanza kapasita ni kitu gani, maana bila hivyo neno la mwalimu litabaki fumbo. Wazee wa kazi hii huiita kondensa. Chukua mabamba mawili ya chuma, yaweke yakitazamana, na katikati yao weka kitu kisichopitisha umeme: hewa, karatasi, plastiki, kioo. Basi, hiyo ni kapasita. Ukiiunganisha na umeme, elektroni zinaondolewa kwenye bamba moja na kurundikwa kwenye jingine. Hakuna hata moja inayovuka pale katikati. Zinazunguka kwa njia ya waya wa nje. Bamba moja linabaki na upungufu, la pili linabaki na ziada, na upungufu wa huyu unalingana sawasawa na ziada ya yule. Ukikata umeme, hali inabaki vilevile. Mabamba yanatazamana, yanavutana, na hayana njia ya kufikiana.

Chogo la TV nalo ni kapasita, ingawa wengi hawalijui hilo. Kioo chake kimepakwa unga mweusi wa kaboni ndani na nje. Kioo chenyewe ndicho kizuizi cha katikati. TV ikiwaka, kati ya ndani na nje hukaa volti elfu ishirini na zaidi, na ukiizima hukaa hapohapo, ikingoja. Ni mjukuu wa chupa ya Leyden, ile iliyogunduliwa mara mbili, 1745 na kasisi mmoja wa Ujerumani, Ewald von Kleist, na mwaka uliofuata na Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi. Musschenbroek naye alipigwa nayo, na aliandika kuwa hata angepewa ufalme wa Ufaransa asingerudia. Nilipolisoma hilo nilijisikia nina ndugu.

Benjamin Franklin wa Marekani ndiye aliyeona, miaka michache baadaye, jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Chupa iliyojazwa haina umeme mwingi kuliko chupa tupu. Kilichoongezwa upande mmoja kimetolewa upande wa pili. Sisi mafundi tunamwambia mteja kuwa kapasita “imejaa chaji”, na mteja anaelewa, lakini ukijumlisha mabamba yote mawili unapata sifuri. Kinachotunzwa humo ni tofauti. Na nguvu inayokurusha ukutani inakaa pale katikati, kwenye ile nafasi kati ya bamba na bamba. Aliyetufundisha kuitazama nafasi hiyo ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyeanza maisha kwa kujifunza kujalidi vitabu London, na aliyekuwa mzee wa kanisa dogo lenye waumini wachache. Katika miaka ya 1830 alionyesha kuwa ukibadilisha kilichopo katikati, ukaweka kioo badala ya hewa, mabamba yaleyale yanaweza kubeba zaidi. Kipimo cha kapasita, faradi, kimetokana na jina lake.

Sasa lifikirie hilo kwa upande wa ugomvi. Tunasema fulani ana kinyongo, kana kwamba kinyongo ni jiwe limelala tumboni mwake yeye peke yake, na akienda kuombewa litatoka. Mimi nasema kinyongo kimekaa katikati. Kuna aliyepungukiwa na kuna aliyezidisha, na kinachowafunga ni ile nafasi wanayotazamana ndani yake. Ndiyo maana nondo ya uani haikunisaidia. Nililigusisha bamba moja na ardhi, na ardhi, pamoja na ukubwa wake wote, haikuwa na cha kufanya. Elektroni zilizopungua upande wa ndani hazikuwa ardhini. Zilikuwa upande wa nje wa kioo kilekile, sentimita chache tu kutoka pale, na hakuna aliyezifungulia njia.

Mwaka 2009 mimi na mdogo wangu wa tumbo moja tulikuwa na kibanda cha ufundi Tandika, si mbali na soko. Mimi nilishika redio na TV, yeye feni na pasi. Alikuwa na mkono mwepesi. Wenye joto la Dar es Salaam wanalijua feni la dari ambalo haliendi mpaka ulisukume kwa mpini wa ufagio. Aghalabu kapasita yake imechoka tu. Yeye alikuwa akipanda ngazi, anaibadilisha kwa dakika tano, anashuka, na familia nzima inalala usingizi usiku ule. Wateja walimpenda kuliko walivyonipenda mimi, na sitaficha kuwa nililiona.

Jioni moja fedha zikapotea, laki saba na nusu, za mteja aliyetutuma amplifaya Kariakoo. Nilizipokea mimi. Nilipekua droo, nikapekua masanduku, kisha nikamtazama mdogo wangu. Nikamwita mwizi. Sikumwita ndani. Nilimwita barazani, mbele ya muuza kahawa, mbele ya wacheza bao, mbele ya mama wa mihogo ambaye alikuwa akimkopesha chakula cha mchana tangu akiwa kijana. Hakunijibu hata neno. Aliweka mita na bisibisi zake kwenye mfuko wa rambo, akaondoka. Baada ya wiki mbili tukasikia amehamia Mwananyamala.

Mteja nilimlipa kwa mkopo. Baada ya miezi minne nikafungua kasha la spika kubwa lililokuwa limekaa kibandani bila mwenyewe, nikazikuta zile fedha zimefungwa kwenye gazeti. Niliziweka mwenyewe. Usiku niliozipokea umeme ulikuwa umekatika, nikaogopa vibaka, nikaziingiza humo gizani, na asubuhi nikawa nimesahau kabisa.

Naomba nieleweke: sikuwa mtu asiyejali. Nililia. Ramadhani ile sikukosa tarawehe hata siku moja, na usiku wa manane niliamka kuomba msamaha mpaka mkeka ukalowa. Fedha zile, kwa kuwa mteja alikwishalipwa, zilikuwa zangu. Nikazitoa zote sadaka kwenye madrasa, sikubakiza hata nauli. Nikajisikia mwepesi. Pakasikika mlio mdogo, kama kijiti kinapovunjika, nami nikaridhika.

Mwananyamala sikwenda. Nilijiambia: Mungu anajua. Nilijiambia: kumbe si nimekwishatubu, kwa nini nikayafukue? Nikaambiwa na watu wema kuwa mdogo wangu naye, akiulizwa habari zangu, husema, “Namwachia Mungu.” Hili neno tunalisema sana, katika nyumba za Waislamu na za Wakristo, nami ninalisikia kibandani karibu kila siku. Linasemwa na aliyedhulumiwa akiwa amechoka, na huyo simlaumu. Lakini linasemwa pia na aliyedhulumu, au na wale wanaotaka yaishe kimyakimya, na hapo ndipo ninapolipinga. Kumwachia Mungu jambo ambalo Mungu mwenyewe ameliacha mikononi mwako ni kufunga waya kwenye nondo ya uani.

Wala sikulitoa hili kichwani. Nilikuwa nimelisoma tangu utotoni na sikulisikia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Riyadhus Swalihin anaeleza masharti ya toba: uache dhambi, ujute, uazimie kutorudia. Kwa dhambi iliyo kati yako na Mola wako, matatu hayo yanatosha. Ikiwa ndani yake kuna haki ya mwanadamu, anaongeza la nne: umrudishie mwenyewe haki yake. Mali uirudishe. Neno baya ulilomsema, umwombe radhi. Hata usipokisoma kitabu, kila aliyepita madrasa amefundishwa kwamba matendo ya waja huonyeshwa Jumatatu na Alhamisi, na waja husamehewa, ila wawili waliogombana. Hao husemwa wangojewe mpaka wapatane. Nimeifikiria sana hadithi hiyo. Msamaha upo, mlango uko wazi, Mwenye kusamehe hana upungufu wowote, na bado hao wawili wanangojewa. Kwa nini? Si kwamba rehema imepungua. Ardhi haikupungua siku ile Keko.

Nilimsimulia jirani yangu mmoja, mzee wa usharika wa Kilutheri, mtu wa miaka mingi hapa Temeke. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza mafundisho yaliyo katika Injili ya Mathayo sura ya 5: mtu akiwa ameleta sadaka mbele ya madhabahu, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno naye, aiache sadaka palepale, aende akapatane kwanza, ndipo arudi kuitoa. Palepale! Sikuwa nalijua hilo. Laki saba na nusu zangu zilikuwa zimekwishapita madhabahuni zamani.

Kuna jambo la kimaumbile ambalo linaeleza miaka ile tisa kuliko ninavyoweza kuieleza mimi. Chukua kapasita yenye chaji, ikate kutoka kwenye umeme, kisha yavute mabamba yake yaachane zaidi. Chaji haiongezeki hata chembe. Lakini volti inapanda. Alessandro Volta wa Italia aliitumia siri hii mwaka 1782 kuutambua umeme hafifu ambao vyombo vyake visingeweza kuuona. Mabamba yanavutana, kwa hiyo kuyatenganisha kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo haipotei: inaingia kwenye ile nafasi ya katikati.

Mimi na mdogo wangu hatukuongezeana neno lolote baada ya 2009. Hakuna tusi jipya, hakuna kosa jipya. Tulikaa mbali tu, na kila Idd tuliyotafuta sababu ya kutokutana, kila harusi ambayo mmoja wetu aliwahi kuondoka ili mwingine afike, ilikuwa kazi ya kuyavuta mabamba. Mama alipofariki mwaka 2014 tulisimama kaburini, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Alipokea mikono ya rambirambi ya watu wote. Mbele yangu alipita. Na mimi, niliyemwita mwizi, nikahisi kwamba ni yeye aliyenikosea! Ndivyo volti inavyopanda. Tungekutana wiki ile nilipozikuta fedha ingekuwa machozi na kuomba radhi. Baada ya miaka mitano ilikuwa imefika mahali ambapo mmoja akigusa, wote wawili wanaungua.

Aliyetufungulia njia ni shangazi yetu wa Mbagala Kizuiani, mwaka 2018. Fundi mwenye haraka huituliza kapasita kwa kulaza bisibisi juu ya miguu yake miwili. Inatulia kweli, lakini kwa mlipuko. Bisibisi inatoboka ncha, na kapasita yenyewe inaweza kuumia. Kapasita kubwa ya TV, ile ya maikrofaradi 220, ikiwa na volti zaidi ya 300, ina nguvu ya kutosha kuinua kilo moja ya sukari hadi kiunoni kwa mtu mzima, na bisibisi inaitoa yote kwa kufumba na kufumbua. Fundi mwenye adabu huweka rezista katikati, au balbu. Umeme unapita polepole, na joto lote linaishia kwenye rezista. Shangazi alikuwa na miaka sabini na ushee. Alituita kwake bila kumwambia yeyote kati yetu kuwa mwingine anakuja. Akaketi katikati ya mkeka. Kila neno nililotaka kumwambia mdogo wangu alitaka nimwambie yeye kwanza, na kila neno la mdogo wangu vivyo hivyo, naye analifikisha kwa sauti yake. Alitokwa jasho mama yule. Jioni alikuwa amechoka kuliko sisi sote. Qurani inawaambia waumini kuwa wao ni ndugu, basi wapatanishe baina ya ndugu zao. Sikuwahi kufikiri kuwa anayepatanisha ndiye anayebeba joto.

Nilidhani mdogo wangu angetaka fedha. Nilikuwa nimekuja na bahasha. Hakuigusa. “Kaka,” alisema, na lilikuwa neno la kwanza kuniambia uso kwa uso kwa miaka tisa, “uliniita mwizi barazani. Nisafishe barazani.”

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Tandika pamoja. Muuza kahawa alikuwa ni mwanawe sasa. Wacheza bao wawili kati ya wanne walikuwa hai. Mama wa mihogo alikuwapo. Nikasimama palepale nilipokuwa nimesimama 2009, nikasema kwa sauti kuwa mdogo wangu hakuiba, fedha niliziweka mimi na nikazisahau, na nilijua hivyo baada ya miezi minne na nikanyamaza. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu. Mama wa mihogo akaweka kisu chini, akaja, akamkumbatia mdogo wangu. Mimi hakunitazama, na nadhani alikuwa na haki.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimeandika uongo. Maana baada ya mwezi mmoja na nusu nilimpigia mdogo wangu simu kumwomba anikopeshe elfu hamsini za vipuri, jambo dogo, naye akanijibu kwa uchungu wa mwaka 2009: “Hesabu vizuri kwanza, usije ukasema nimekupunja.” Akakata simu. Nilikasirika. Si tumesameheana? Si nimejidhalilisha mbele ya watu? Nikawaza kuwa msamaha wake ulikuwa wa mdomoni.

Wiki ileile nilikuwa na kapasita mezani, nimeitoa kwenye TV. Niliipima, volti 310. Nikaituliza kwa balbu, nikaipima tena: sifuri. Nikaiweka pembeni nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, sijui kwa nini, nikaipima tena. Volti 19. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Ilikuwa imelala juu ya gazeti.

Hili si jini, na mafundi wa umeme mkubwa wanalijua vizuri. Ndani ya kile kizuizi cha katikati kuna chembe ndogondogo ambazo hugeuka kuelekea mabamba umeme unapokuwapo. Nyingine hugeuka upesi na kurudi upesi. Nyingine ni nzito. Zimechukua muda mrefu kugeuka, na ukiituliza kapasita kwa dakika moja zenyewe bado zimeelekea kulekule. Kisha, taratibu, zinaanza kurudi, na katika kurudi kwake zinaamsha chaji kwenye mabamba yaliyokuwa yamesoma sifuri. Kadiri kapasita ilivyokaa na chaji kwa muda mrefu, ndivyo zinavyogeuka nyingi zaidi. Kapasita iliyosoma sifuri haikudanganya, na mita haikudanganya. Mabamba yalikuwa yametulia kweli. Kilichokuwa katikati kilikuwa bado.

Nilikaa kwenye kigoda changu muda mrefu siku ile. Miaka tisa! Nilitaka kila kitu kigeuke kwa jioni moja ya Kizuiani na robo saa ya barazani. Nilikuwa nimemhukumu mdogo wangu kwa unafiki, naye hakuwa mnafiki. Alikuwa amesamehe kwa kadiri ya kilichokuwa tayari kutoka, na kilichobaki kilikuwa kinarudi chenyewe, bila yeye kukitaka, kama volti 19 juu ya gazeti.

Dawa yake ipo, na ni ya kawaida kabisa. Kapasita kubwa zinapowekwa ghalani, miguu yake miwili hufungwa pamoja kwa waya, na waya huachwa. Kila kinachoamka kinapata njia, kinapita, kinaisha, na hakipati nafasi ya kujikusanya. Nilimpigia simu nikamwambia: fedha sitaki, nakuja kukuona. Nikapanda daladala mbili hadi Mwananyamala. Tulikaa nje ya nyumba yake, tukala embe, hatukuongelea lolote la maana. Ijumaa iliyofuata nikaenda tena. Yapo majuma aliyokuwa baridi, nikakaa na ubaridi wake. Yapo aliyoniambia mambo ya 2009 ambayo hakuyasema kwa shangazi, mengine madogo mpaka nikajiuliza yalikuwa yamejificha wapi: kwamba siku ile alikuwa hajala, kwamba alitembea kwa miguu hadi Buguruni kwa kuwa hakuwa na nauli. Niliyasikiliza. Sikujitetea, maana kujitetea ni kuutoa waya.

Najua mfano huu una mpaka wake. Kapasita haina hiari, haichagui kufungwa waya, na mwanadamu anachagua. Yupo aliyedhulumiwa ambaye hataki kumwona aliyemdhulumu, na hana dhambi kwa hilo. Mwanamke aliyepigwa na mumewe asiambiwe na shehe wala mchungaji kuwa aende akaketi naye mkeka mmoja. Wajibu wa kurudisha haki ni wa aliyedhulumu, naye airudishe kwa njia ambayo haitamtia mwenzake hofu. Na yupo ambaye mwenzake amekwishakufa. Wanazuoni wanasema haki ipelekwe kwa warithi wake, aombewe dua, atolewe sadaka kwa jina lake. Naamini hivyo. Lakini nimewaona wazee wakilia makaburi ya Kinondoni juu ya ndugu waliokuwa wakikaa mitaa miwili kutoka kwao, na kilio kile kina kitu ambacho dua haikimalizi upesi.

Nawaambia wanafunzi wangu wawili wa sasa neno la mwalimu wangu kabla hawajashika bisibisi. TV za chogo zinakwisha, wao wanatengeneza za bapa, lakini pale kwenye pawa saplai kapasita zipo na mabamba ni mawili vilevile. Ile ya volti 19 sikuitumia tena. Iko dirishani kwangu, miguu yake imefungwa pamoja kwa waya wa shaba. Leo ni Alhamisi. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nakwenda Mwananyamala.